Kungoja Si Kupumzika

Mwaka niliotoka chuo, kabla sijaanza kuandikia watu makala kwa malipo, nilifanya kazi kwenye saiba moja kando ya Thika Road. Kompyuta nane, printa moja yenye hasira zake, na bosi aliyekuja jioni kuhesabu pesa. Asubuhi moja mwisho wa Juni, msimu ule watu wanakimbizana na ritani za KRA, mwalimu mmoja mstaafu aliniita kwenye kompyuta namba tano.

"Kijana, hii mashine yako ina mdudu."

Sijui alikuwa amefinya nini, lakini alikuwa amefungua lile dirisha la Windows linaloorodhesha kila kitu kinachoendelea ndani ya kompyuta. Kidole chake kilikuwa juu ya maneno "System Idle Process", na kando yake asilimia 97.

"Hiki kitu kinakula karibu kompyuta yote. Kitoe tuendelee."

Nilicheka kidogo, kwa heshima. "Hapana, Mwalimu. Hicho hakili kitu. Hiyo ndiyo nafasi iliyobaki. Inamaanisha prosesa imekaa tu, haina kazi."

Akaniangalia vile walimu humwangalia mwanafunzi aliyejibu haraka sana. "Kwa hivyo haifanyi chochote, na stima inalipiwa?"

"Inalipiwa, lakini ni kidogo."

"Na nani aliamua ni kidogo?"

Sikuwa na jibu. Mtandao wa KRA ukarudi, akajaza ritani yake, akalipa, akaenda. Swali lake ndilo halikuenda. Nimelibeba miaka yote hii ya kufanya kazi ambayo sehemu yake kubwa ni kungoja kazi. Na nimegundua kwamba lina jibu. Kuna watu waliokaa chini wakaamua prosesa isiyo na kazi ifanye nini, ilale vipi, iamshwe na nani, na nani alipie muda huo. Waliamua kwa makini sana, kwa miaka mingi. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna aliyekaa chini kutuamulia sisi hata robo ya hayo.

Wacha nianze na mashine.

Prosesa haijui kukaa. Kazi yake ni kusoma amri, kuitekeleza, kwenda kwa inayofuata. Ukiiwasha inatembea. Sasa kazi zote zikiisha, mfumo endeshi unaipa nini? Jibu la zamani lilikuwa kitanzi: zunguka, angalia kama kuna kazi, hakuna, zunguka tena. Enzi za MS-DOS, mashine ikingoja ufinye kitufe, wewe uliyekaa mbele yake ungeona imetulia. Ndani, prosesa ilikuwa inakimbia kasi yake yote ikiuliza swali moja: kuna kitu? Kuna kitu? Kuna kitu?

Na dawa ilikuwepo. Chipu ya Intel 8086 ya mwaka 1978 ilikuja na amri inayoitwa HLT. Maana yake ni simama hapo ulipo, usisome amri nyingine mpaka uitwe. Anayeita ni mkatizo, yaani ishara kutoka kwa kibodi, saa ya ndani au kadi ya mtandao kwamba sasa kuna jambo. Hizi ni njia mbili tofauti kabisa za kungoja. Ya kwanza ni kufungua mlango kila sekunde kuchungulia kama mgeni amefika. Ya pili ni kulala, kwa sababu unajua mgeni akifika atabisha.

Windows 95 iliendelea kuzunguka. Watu waliokuwa na kompyuta zenye joto wakatafuta vijiprogramu kama Rain na CpuIdle, ambavyo kazi yao yote ilikuwa kuiambia prosesa HLT ikiwa haina la kufanya. Hebu fikiria hilo. Mtu anatafuta programu, anaisakinisha, na anachopata ni mashine inayojua kupumzika. Hakuna aliyeona ni uvivu. Waliona ni akili.

Sasa nije kwa wale ninaogombana nao. Kuna aina ya mhubiri, si wa kanisani, wa hasla. Unamjua. Yuko kwenye simu yako saa kumi na moja asubuhi, suti ya buluu, gari nyuma yake ambalo huenda si lake. Anakwambia ukilala mwenzako yuko macho. Anakwambia akili yako ni kompyuta, ukiiacha bila kazi inaoza. Ningependa sana anionyeshe ni kompyuta gani hiyo anayozungumzia, kwa sababu waliotengeneza kompyuta walitumia miongo kadhaa kutafuta vile itakavyolala vizuri zaidi.

Chukua Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi za dunia hii na ulio ndani ya kila simu ya Android. Kiini chake kilikuwa na saa inayopiga mara 100 kila sekunde. Toleo la 2.6, lililotoka Desemba 2003, likapandisha hadi mara 1,000 kwenye kompyuta za kawaida. Kila mpigo uliiamsha prosesa hata kama hakuna kazi. Amka, hakuna kitu, lala. Amka, hakuna kitu, lala. Mara elfu moja kwa sekunde. Ukiwa na mtoto mchanga nyumbani unajua huo si usingizi.

Aprili 2007, toleo la 2.6.21 likaanza kuzima mpigo huo prosesa inapokuwa bila kazi. Kabla ya kulala, kiini kinajiuliza: jambo la karibu zaidi ninalopaswa kufanya liko lini? Kinatega saa hiyo, kinalala hadi hapo au hadi kibishiwe. Mwaka huo huo Intel ikatoa PowerTOP, programu inayokuonyesha ni nani anayeiamsha prosesa yako na mara ngapi kwa sekunde. Ilikuwa orodha ya aibu. Programu zilizokuwa zinaamka kila mara kuchungulia kama kuna jipya zilianikwa kwa majina.

Kama bado unadhani kutolala ni bidii, kumbuka usiku wa tarehe 30 Juni 2012. Sekunde moja iliongezwa kwenye saa za dunia ili ziende sambamba na mzunguko wa ardhi. Hapa kwetu ilikuwa saa tisa usiku kuamkia Julai. Kosa ndani ya Linux likafanya programu nyingi zishindwe kulala: zinaomba usingizi, zinaamshwa papo hapo, zinaomba tena. Hetzner, kampuni ya seva ya Ujerumani, iliripoti kwamba umeme unaotumiwa na mashine zake uliongezeka kwa takriban megawati moja. Wateja hawakuwa wameongezeka. Kazi ilikuwa ile ile ya jana. Ilikuwa megawati nzima ya mashine zilizokuwa macho bila sababu.

Huyo ndiye mwenzako aliye macho, bwana wa suti ya buluu. Anachemka tu.

Kulala nako si kitu kimoja. Prosesa ya kisasa ina ngazi za usingizi. Kwenye C1 imesinzia tu, ukiigusa inaamka. Kwenye C6 imezimwa karibu yote, umeme umekatwa sehemu kubwa, na kuamka kunachukua muda. Jedwali la Linux la prosesa za seva za Intel za kizazi cha Skylake linasema C1 inahitaji mikrosekunde 2 kuamka, na C6 inahitaji 133. Tena linasema usiingie C6 kama hutalala angalau mikrosekunde 600, maana gharama ya kuzima na kuwasha itazidi ulichookoa.

Kwa hivyo kabla ya kila usingizi, mfumo endeshi unabashiri. Unaangalia saa iliyotegwa, unaangalia mara chache zilizopita ulilala kwa muda gani, ndipo unachagua ngazi. Ukikosea, unajifunza. Kuna watu wenye digrii za juu ambao kazi yao ni kuboresha ubashiri huo, ili chipu isisinzie pale ingeweza kulala fofofo.

Sasa niruhusu nikupeleke Kilimani, nje ya jengo moja lenye mikahawa, saa nane mchana. Pikipiki kumi na tano zimepangwa kando ya ukuta. Mmoja wa vijana hao tulisoma naye. Ana kofia kichwani na simu mkononi, mwangaza wa skrini umepunguzwa ili chaji ifike jioni. Oda inayofuata inaweza kuja baada ya dakika mbili au saa mbili, hajui. Kwa sababu hajui, hawezi kwenda kulala, hawezi kuchukua kibarua kingine, hawezi hata kwenda choo cha mbali. Yuko kwenye C1 siku nzima. Usiku akifika nyumbani anakwambia leo alipata oda nne, na anajilaumu kwamba hakufanya kazi ya maana. Alikuwa nje saa kumi na moja!

Programu aliyoibeba mkononi ina historia ya oda za kila Jumanne, za kila siku ya mvua, za kila mwisho wa mwezi. Ingeweza kumpa ubashiri. Chipu inapewa. Yeye anapewa ujumbe wa kumtia moyo na nyota za kuogopa kupoteza.

Mambo yanakuwa matamu zaidi, au machungu, ukiingia kwenye mashine pepe. Kama hujawahi kukutana nazo, fikiria ploti ya Pipeline. Kompyuta moja kubwa imegawanywa vyumba, na kila mpangaji anadhani nyumba ni yake peke yake: ana mfumo endeshi wake, ana prosesa zake, au anadhani anazo. Chini ya wote kuna mwenye nyumba, programu inayogawa prosesa za kweli. Na kama vile mwenye ploti anavyoweka tangi moja kwa vyumba arobaini kwa sababu anajua hamtaoga wote saa moja, mwenye nyumba huyu naye anaweza kuuza prosesa nyingi kuliko alizonazo.

Ana sababu nzuri. Mwaka 2007 wahandisi wawili wa Google, Luiz André Barroso na Urs Hölzle, waliandika kwamba seva zao zilishinda muda mwingi zikitumia kati ya asilimia 10 na 50 ya uwezo wake, na kwamba hata seva nzuri, isipofanya karibu kitu chochote, inakula kama nusu ya umeme inaokula ikiwa na kazi tele. Nusu! Mwalimu, kama unasoma hapa, nilikujibu vibaya. Kwa kompyuta kama hizo haikuwa kidogo hata kidogo.

Basi muda wa bure ukawa bidhaa. Mpangaji akisema HLT, mwenye nyumba anachukua prosesa anampa jirani. Sina shida na hilo. Lakini kuna siku wote wanataka kuoga. Mpangaji anaamka, ana kazi, anaomba prosesa, anaambiwa ngoja. Na hapa Linux hufanya jambo ninaloliheshimu sana: inauandika muda huo. Fungua programu ya top kwenye seva uliyokodi, utaona herufi mbili, st. Kirefu chake ni steal, yaani wizi. Ni asilimia ya muda ambao ulikuwa tayari kufanya kazi na ukanyimwa kwa sababu anahudumiwa mwingine. Hawakutafuta jina la adabu. Waliuita wizi, wakaupa safu yake, na mpangaji anaweza kuusoma wakati wowote.

Kuna zaidi. Amazon ilipoanzisha mashine zake za bei nafuu za T2 mwaka 2014, ilizipa kitu kama akiba. Ile ya t2.micro inapata pointi 6 kila saa, na kila pointi ni dakika moja ya prosesa nzima. Usipozitumia zinawekwa, hadi 144. Usiku ukilala, asubuhi una akiba ya kukimbilia. Ni biashara, hakuna aliyefanya hisani hapo. Lakini angalia: kwenye mkataba huo, saa ya kukaa bila kazi imeandikwa na ina thamani. Yule kijana wa Kilimani ana saa ngapi kwenye akiba?

Sasa nifike pale nilipokuwa naenda tangu mwanzo.

Mashine pepe ikilala, kuiamsha ni kazi. Mwenye nyumba lazima apokee ishara, atafute prosesa, amrudishe mpangaji ndani. Ni mikrosekunde chache, lakini kwa mteja anayetaka jibu haraka, kama hifadhidata inayoulizwa maswali mfululizo, hizo chache zinauma. Wahandisi wa KVM, ule mfumo wa mashine pepe ulio ndani ya Linux, wakatafuta njia mwaka 2015. Mpangaji akisema HLT, mwenye nyumba asiichukue prosesa mara moja. Abaki mlangoni kidogo, akizunguka, akichungulia: ameitwa? Ameitwa? Akiitwa ndani ya muda huo mfupi, anarudishwa kazini bila kuchelewa.

Ndiyo, ni kitanzi kile kile cha MS-DOS. Kimerudi. Lakini angalia masharti waliyokiwekea.

Kwanza, anayezunguka ni mwenye nyumba. Mpangaji amelala. Yule anayeuza haraka ndiye anayechoma umeme wake ili haraka ipatikane. Pili, kuna kikomo: kwa kawaida mikrosekunde 200 kwenye prosesa za Intel na AMD, na hata hizo hazitolewi zote kwa mkupuo. Unaanza na 10, muda unaongezwa mara mbili kama kuchungulia kunazaa matunda, unapunguzwa kama mpangaji amelala usingizi mrefu. Tatu, akitokea mwingine anayehitaji prosesa hiyo, kuchungulia kunakoma. Na maelezo rasmi ya Linux yanaonya waziwazi kwamba ukiweka muda huo vibaya, mashine isiyo na kazi ya maana inaweza kuonekana inatumia asilimia 100.

Mwaka 2019 ikaja njia ya pili, mpangaji kuzunguka mwenyewe kabla ya kulala. Hata hapo waliweka utaratibu: mpangaji anamwarifu mwenye nyumba aache kuzunguka, kwa sababu hakuna haja ya wawili kuchoka kwa jambo moja. Na mpangaji akizunguka, mwenye nyumba anamhesabia muda huo kama muda wa kazi. Kwa mashine, kukaa macho ukingoja ni kazi. Hesabu inasema hivyo. Hakuna mjadala.

Sasa linganisha na maisha yangu, ambayo ni maisha ya wengi wenu mnaosoma hapa.

Ninapata sehemu ya kazi zangu za kuandika kwenye jukwaa moja la mtandaoni. Wateja wengi wako Marekani, kwa hivyo kazi huanza kuingia saa nne usiku na kuendelea hadi alfajiri. Kazi ikitokea, inachukuliwa ndani ya dakika. Kuna kengele ya simu, lakini inachelewa, na tumejifunza sote kutoiamini. Kwa hivyo tunarifreshi. Saa saba usiku, blanketi mabegani, ninarifreshi. Kuna kitu? Kuna kitu? Bando ni langu. Tokeni za stima ni zangu. Macho ni yangu. Mwezi Machi mwaka jana niliamua kuandika kwenye daftari saa zote nilizokaa macho kwenye ukurasa ule na saa nilizoandika. Nilifanya hivyo kwa wiki mbili. Saa za kungoja zilikuwa 61. Saa za kulipwa zilikuwa 23. Kwenye akaunti yangu, zile 61 hazipo. Si kwamba zimelipwa kidogo. Hazikutokea.

Jukwaa linataka jibu la haraka, sawa. Mteja anataka haraka, sawa. Lakini haraka si bure, na kitu kinachochomwa ili ipatikane lazima kiwe cha mtu. Wahandisi walipokutana na tatizo hili hili, waliuliza: nani azunguke? Kwa muda gani? Nani ahesabiwe? Huku kwetu swali lilijibiwa kabla ya kuulizwa. Mpangaji azunguke, usiku kucha, na asihesabiwe na mtu.

Wakongwe wa Industrial Area wanaijua hadithi hii kuliko mimi. Kila asubuhi wanasimama kwenye geti la kiwanda, foremani anatoka, anachukua kumi, waliobaki wanangoja labda saa nne atatoka tena. Sisi tulidhani tumewaacha nyuma kwa sababu tuna laptopu. Tumebeba geti tukaliingiza chumbani.

Kuna watakaosema: lakini wewe uko huru, unaweza kuzima. Naam. Prosesa pia inaweza kuzimwa. Swali ni inachokuta ikiwashwa. Mimi nikizima wiki moja, nikirudi nafasi yangu kwenye orodha imeshuka, na kuipandisha kunanigharimu usiku zaidi. Uhuru wa kulala ambao adhabu yake inakungoja mlangoni hautoshi kuitwa uhuru.

Watasema pia kwamba haiwezekani kulipia muda wa kungoja, biashara itakufa. Mwezi Februari 2021, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya madereva waliokuwa wameishtaki Uber. Majaji wakakubali kwamba dereva yuko kazini tangu anapowasha programu, akiwa ndani ya eneo lake na yuko tayari kubeba abiria, hata kama hakuna abiria ndani ya gari. Kungoja kulihesabiwa. Mwezi uliofuata kampuni ikatangaza itawalipa kiwango cha chini cha mshahara, lakini kuanzia dereva anapokubali safari. Kungoja kukatolewa tena kimyakimya. Biashara haikufa, na ugomvi haukuisha. Lakini walau pale mtu mwenye mamlaka alisema kwa sauti kile ambacho kiini cha Linux kinakijua: kukaa macho ni kazi.

Na kuna watakaosema ni aibu kumlinganisha binadamu na chipu. Ninakubali, ni aibu. Nimefanya hivyo kwa sababu chipu imetushinda. Ina haki ya kubishiwa hodi badala ya kuchungulia. Ina mtu anayeibashiria usingizi wake. Ina safu inayoandika muda ulioibiwa na jina la wizi juu yake. Sisi tuna bwana wa suti ya buluu anayetuambia tuamke mapema zaidi.

Ninachotaka si falsafa. Nataka kengele inayolia kwa wakati na kazi inayobaki wazi muda wa kutosha kwa mtu aliyelala kuamka na kuiona. Nataka jukwaa lenye data ya miaka liniambie kwamba Jumanne usiku mara nyingi hakuna kitu, ili nilale. Nataka saa zangu 61 zionekane kwenye ukurasa wangu, hata kabla ya kulipwa, zikiwa na safu yake na jina lake. Na nataka yeyote anayetaka niwe macho kwa ajili yake alipe kitu kwa kila saa ya kuwa macho, kama vile mwenye nyumba anavyochoma umeme wake akitaka mpangaji arudi haraka. Hakuna hata moja hapo ambalo halijawahi kutengenezwa. Yote yameshaandikwa kwa msimbo, yanaendesha seva za majukwaa hayo hayo sasa hivi, wakati mimi ninarifreshi.

Hadi siku hiyo, tuanze na lugha. Ukiulizwa leo ulifanya nini na ulishinda ukingoja kazi, usiseme ulikaa tu. Hukukaa. Na wewe unayelala, lala. Ukiwa na daftari, andika saa zako za kungoja, zote, ukianza na usiku huu. Siku moja tutazijumlisha pamoja, na kuna mtu itabidi aangalie ile asilimia 97 na kujibu swali la Mwalimu.